Malenge Mabichi ya Mama Nekesa

Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani, nasema nilikuwa mpishi wa hospitali. Ni kweli, lakini nikifikiria vizuri naona kupika ilikuwa sehemu ndogo. Sehemu kubwa ilikuwa kushuku. Nilishuku maziwa, nilishuku nyama, nilishuku mtu wa kuleta kuni, nilishuku mgonjwa anayesema ameshiba. Nyinyi mliobaki jikoni mmeniomba niandike kidogo. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo mvumilie mtu aliyezoea mwiko kuliko kalamu. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Nilianzia Bungoma, katika hospitali ambayo sitaitaja, maana wengine bado wako huko na sitaki mtu aitwe ofisini kwa sababu yangu. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe la kanisani, nikidhani mpishi wa hospitali ni mtu wa kukaa kama karani. Mama mmoja mnene, kisu mkononi, akaniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Wewe ndiye Simiyu?"

"Ndiyo, mama."

"Umekuja kupika ama kubatizwa?"

Huyo ndiye Mama Nekesa, mkuu wa jikoni. Kufika saa ya chakula cha mchana lile shati lilikuwa rangi ya masizi, na sikulivaa tena kanisani. Alinipa kazi ya kuosha sufuria kubwa, ile ambayo ilibidi niingize kichwa na mabega ndani ndipo mkono ufike chini. Nilipotoa kichwa aliniambia nirudi, kwa sababu alikuwa amenusa maharagwe ya jana. Nilidhani ananionea. Nikarudi ndani, na kweli, yalikuwepo, yamejificha ndani pale mshikio ulipopigiliwa.

"Kila kitu kinachoingia kwa huu mlango ni mgeni," aliniambia. "Msalimie, lakini kwanza muangalie mikono."

Ndivyo alivyonifundisha malenge. Yalikuja kwa baiskeli na baadaye kwa pikipiki kutoka upande wa Kapsokwony, mengine makubwa kama kiti, mengine madogo ya ngozi ya kijani na nyama ya njano kali. Hakupokea hata moja bila kulipasua. Alikata kipande chembamba, kibichi, akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akasubiri, akatema. Likiwa chungu, hata uchungu wa mbali, halikuingia sufuriani, kwa sababu moto hauondoi ule uchungu, na wodi nzima ingeumwa na tumbo. Siku moja mkulima alikasirika.

"Mama, mimi nimekula malenge ya hilo shamba tangu nizaliwe!"

"Sawa. Ongeza na hii."

Akampa kipande. Yule mzee akatafuna, akageukia ukuta. Alipomaliza kutema akasema, "Hiyo moja labda ilikaa karibu na nyoka." Hatukubishana naye. Kwa nini malenge moja huwa chungu na ndugu zake ni matamu, mimi mpaka leo sijui vizuri. Nimeelezwa mara nyingi, na kila mtu anaeleza kivyake.

Mazuri tuliyakata, tukayapika na kitunguu na mafuta kidogo, wakati mwingine tukaweka njugu za kusaga. Watoto wa wodi walilamba sahani. Nilimuuliza kwa nini lazima mafuta, si malenge yana utamu wake tayari. Alijibu tu, "Bila mafuta, hiyo ni kujaza tumbo." Sijui alipata wapi hayo maneno. Hakuwa mtu wa vitabu.

Jambo moja niseme mapema ili msipotee mbele. Miaka yote hiyo tulipika bega kwa bega, na nyumbani kwake nje kidogo ya Bungoma nilienda mara nyingi, kwa matanga ya mume wake, kwa harusi ya binti yake Nekesa, kwa kusalimia tu. Lakini jikoni kwake sikuwahi kuingia. Kwetu jiko la hospitali ni kazi, na jiko la mama wa nyumbani ni la mama. Mwanaume mgeni anakaa sebuleni, analetewa chai, anashukuru. Anayechungulia jikoni anaonekana ni mlafi au ni mchawi, na sijui ni gani mbaya zaidi.

Mama Nekesa akastaafu. Mimi nikahamia Kitale, hospitali nyingine. Huko tuliacha kuni tukaanza gesi, na nilishuku gesi kwa muda mrefu, kwa sababu moto usiokuwa na moshi unaonekana kama unaficha kitu. Baadaye akaja afisa wa lishe, Madam Chemutai, na mizani. Alipima kila kitu kikiwa kibichi, kabla hatujaweka maji. Alitundika ukutani karatasi kubwa ya vyakula, na kwenye malenge imeandikwa mbichi, halafu vitamini A, vitamini C, potasiamu, nyuzinyuzi. Nilimshuku naye pia, nikidhani ametumwa kuangalia kama tunabeba chakula nyumbani. Haikuwa hivyo. Na kama alitumwa, basi aliona hatubebi.

Nisiruke miaka mingi sana, lakini mengi ya hapo katikati ni sufuria na sufuria. Mwaka wangu wa mwisho kazini ndio ulileta jambo ambalo bado linanizungusha.

Kwanza tuliona vikopo. Mgonjwa anarudisha chakula, halafu unakuta chini ya mto kuna kikopo cha malenge yaliyokwaruzwa, mabichi, yametiwa ndimu. Tukauliza. Wakasema kuna kijana pale Kibomet, mtaa wa hapo hapo Kitale, anaitwa Joram, ana meza na mwavuli na kibao kimeandikwa MALENGE MBICHI NI UHAI. Ati moto unaua vitamini. Ati ukila mbichi, sukari inashuka, presha inashuka, macho yanafunguka. Manesi wakaanza kumtaja kwa hasira. Mimi sikusema kitu kwa watu, lakini moyoni nilishamhukumu, nikangoja tu ushahidi ufike.

Asubuhi moja sista akaniletea sahani nzima, haijaguswa. "Mzee Simiyu, huyo mama wa kitanda cha pembeni anasema chakula chako kimekufa."

Nilienda mwenyewe, na eproni yangu. Kwenye kitanda cha pembeni, amekonda, kitambaa kichwani, alikuwa Mama Nekesa.

"Mama!"

Akageuza uso kunielekea. "Ni nani?"

"Ni mimi, Simiyu."

"Si ungesema. Nilijua tu ni wewe."

Binti yake Nekesa, ambaye ameolewa hapo Kibomet, alikuwa amemtoa nyumbani jana yake baada ya majirani kumpigia simu kwamba mama ameanguka. Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Alikuwa na huo ugonjwa tangu zamani na alipewa tembe. Sista alipofungua mkoba wake alikuta tembe zote bado ziko kwenye pakiti, na pembeni malenge kipande, na ile bati yenye meno ya kukwaruza karoti.

"Mama, wewe ndiye umerudisha chakula changu?"

"Moto unaua vitu, Simiyu. Vitamini zote zinapanda na moshi."

"Tunatumia gesi."

"Basi zinapanda bila moshi."

"Nani amekwambia haya?"

"Watu siku hizi wanajua."

"Watu gani?"

"Aa! Umeacha kupika sasa wewe ni polisi?"

Niliondoka na sahani yangu. Sitaficha, niliumia. Mtu aliyenifundisha kwamba malenge bila mafuta ni kujaza tumbo ndiye ananiambia chakula changu ni maiti. Daktari alisema wazi: akiendelea bila dawa, safari ijayo huenda asifike hospitali akiwa hai. Wodi nzima ikasema, ni yule kijana wa Kibomet.

Nilienda kwa Madam Chemutai kwanza, maana nilijiogopa. Labda kijana anasema kweli na mimi ni mzee wa mwiko anayetetea sufuria yake. Nikamuonyesha karatasi yake ukutani. "Hapa umeandika mbichi. Sasa tunakosea kupika?"

Hakunicheka. "Tunaandika mbichi kwa sababu ndivyo tunavyopima, Mzee Simiyu. Ukipika maji yanaongezeka au yanapungua, hesabu inasumbua. Si kwamba watu wale mbichi."

"Lakini mbichi haina faida?"

"Iko nayo. Vitamini C inabaki nyingi kuliko ukipika. Lakini ile rangi ya njano, ndiyo mwili unageuza kuwa vitamini A, imefungiwa ndani ya ile nyama ngumu. Ukipika inalegea. Ukiweka mafuta kidogo mwili unaichukua vizuri. Mbichi, nyingi inapita tu."

"Na sukari?"

"Malenge ni chakula. Si dawa ya sukari, wala ya macho yaliyoharibika kwa sukari. Hata upike, hata ule mbichi."

Nilimshukuru. Halafu siku yangu ya mapumziko nikaenda Kibomet. Joram alikuwa amevaa koti jeupe kama la daktari, na hilo peke yake lilinitosha.

"Mzee, sasa. Kikombe?"

"Hilo koti ulipewa na hospitali gani?"

Akajiangalia. "Hii? Ni ya kinu cha unga bana. Nilikuwa nasaga huko Moi's Bridge. Inazuia nguo kuchafuka."

Nikamwambia habari ya Mama Nekesa, bila kumzungusha. Akaacha kukwaruza.

"Mzee, mimi nasema ni nzuri kwa mwili. Nasema ni nzuri kwa macho, hiyo nimesema, iko hata kwa simu. Lakini sijawahi kuambia mtu aache dawa ya daktari. Hata mamangu anameza dawa."

"Kibao chako kinasema ni uhai."

"Si hata maji ni uhai? Na watu bado wanaenda hospitali."

Nikaangalia mikono yake kama nilivyofundishwa. Ilikuwa safi, na kila malenge alikuwa amelipasua na kulionja kabla ya kukwaruza. Sikutaka kuona hivyo, lakini niliona.

"Huyo mama namkumbuka," akasema. "Alikuja hapa na binti yake. Hakula hata kikombe. Aliniuliza kama mtu anaweza kuishi na hii bila kuwasha moto kabisa. Nikamwambia, mama, mbichi ni mbichi, moto wa nini? Akafurahi sana. Mimi nilidhani anataka kuokoa makaa."

Nilirudi nyumbani nikiwaza kijana ni mjanja, ameshatengeneza hadithi. Lakini lile swali lilikataa kutoka. Mwanamke aliyewasha moto maisha yake yote, kwa nini afurahie kuambiwa asiwashe?

Mama Nekesa alipotoka wodini Nekesa alitaka abaki naye Kibomet. Alikataa. "Nyumba yangu inaniita," akasema, na akarudi kwake. Muda si muda nikasikia kwamba watu wa mtaa, kwa maneno yaliyotoka kwetu hospitalini, wameng'oa kile kibao cha Joram, na wateja wamemkimbia. Nilisikia nikanyamaza. Niliona labda ni haki, labda si haki. Kwa hivyo nikaamua kwenda Bungoma kumsalimia mama, na kuangalia.

Aliniketisha sebuleni kama kawaida. Akaingia nyuma, akakawia. Akarudi na sahani ya malenge yaliyokwaruzwa, chumvi juu, na maziwa baridi kwenye kikombe. Aliweka kikombe ukingoni mwa meza, nusu hewani, nikakidaka.

"Karibu, kula."

"Asante, mama. Na chai?"

"Chai ya nini? Hata majani ya chai yanakufa kwa moto."

Hapo ndipo niliposhtuka. Malenge mabichi naweza kuelewa. Lakini nyumba ya kwetu isiyompa mgeni chai, hiyo hakuna. Hata siku ya matanga ya mume wake, akiwa analia, aliuliza kama nimepata chai. Nikasimama.

"Unaenda wapi?"

"Jikoni."

"Simiyu! Huko si mahali pa mwanaume!"

"Tumepika pamoja miaka mingapi, mama?"

"Hiyo ilikuwa kazi! Kaa chini. Simiyu! Watu watasema nini?"

Nilienda. Kibanda cha jiko kilikuwa nyuma ya nyumba, mlango umeegemezwa tu. Ndani hakukuwa na harufu ya moshi hata kidogo. Katikati ya mafiga, juu ya majivu makavu, kuku alikuwa amelalia mayai. Alinikodolea macho kama mwenye nyumba. Sufuria zilikuwa zimefunikwa na vumbi. Kwenye kona gunia la makaa lilikuwa halijafunguliwa, mdomo wake bado umeshonwa.

Mama alikuwa amenifuata kwa kushika ukuta. Mkono wa nguo yake ulikuwa umepanda, na niliona kovu la moto kutoka kiganjani kwenda juu, pana, la rangi ya waridi.

"Huoni," nikamwambia.

"Naona. Naona mwangaza. Naona wewe ni kitu kirefu."

"Mama."

Akakaa kwenye kizingiti. "Nilishika sufuria nikidhani ni mshikio, kumbe ni mwali wa moto. Nikasema basi, nisichome nyumba. Halafu yule kijana akasema mbichi ni nzuri kwa macho. Nikaona, si hii ni njia moja? Moto sina haja nao, na macho yanarudi."

"Na dawa?"

"Dawa zote ni nyeupe, Simiyu. Ya asubuhi nyeupe, ya jioni nyeupe, ya presha nyeupe. Nitameza gani? Nikikosea nife kwa mkono wangu? Malenge nalijua kwa mkono. Likiwa baya nalijua kwa ulimi."

Mimi ni mtu wa kushuku, na nilikuwa nimeshuku kila mtu isipokuwa yeye.

"Kwa nini hukusema hospitalini?"

"Niseme nini? Mama Nekesa mpishi haoni sufuria? Afadhali waseme alidanganywa na kijana wa malenge. Mjinga anasamehewa. Mpishi kipofu anafanyiwa nini? Anawekwa kwa kona, analishwa na kijiko. Na wewe usiseme. Umesikia? Usiseme."

Nilitaka kumkubalia, kwa sababu heshima yake nilikuwa naijua, nilikuwa nimekula kwa hiyo heshima. Lakini nikamwona Joram na koti lake la kinu.

"Mama, watu wameng'oa kibao cha yule kijana. Hawanunui kwake. Wanasema alitaka kukuua."

Kuku akajitingisha akakaa upya.

"Yeye alisema macho," akasema baadaye.

"Alisema. Hapo alikosea, na nitamwambia. Madam Chemutai anasema macho yaliyoharibiwa na sukari hayatengenezwi na malenge, mbichi wala ya kupika. Lakini hakusema uache dawa. Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi?"

"Basi nenda nyumbani, Simiyu. Umenisumbua vya kutosha."

Sikuenda. Nilitaka kuwasha moto, lakini alikataa nimwondoe kuku, ati amebakisha siku chache na hana mahali pengine. Kwa hivyo nilitafuta mawe matatu nikayaweka uani, nikawasha moto nje mbele ya majirani wote, mwanaume mzima kwenye ua wa mama wa watu, na nikapika. Alikaa kwenye kizingiti akipiga kelele nipunguze kuni. Wapita njia walisimama kuangalia. Mmoja aliuliza kama mama amefiwa. Kabla hatujala nilimpigia Nekesa simu, naye akaja kesho yake. Tembe za asubuhi tukaziweka kwenye kikombe chenye mshikio, za jioni kwenye mkebe wa majani ya chai wenye kifuniko, za presha kwenye kitambaa chenye fundo. Mama akazijaribu kwa vidole mpaka akachoka na sisi. Baada ya hapo alizimeza, na Nekesa alikuwa akipiga simu kuuliza, kwa sababu hata yeye sasa anashuku.

Mama mwenyewe ameniruhusu kuandika haya, na sababu yake ni siku tuliyompeleka kliniki ya macho Kitale. Daktari wa macho alikuwa ameshasema kwa upole kwamba jicho moja huenda likasaidika na lingine hapana. Tulikuwa tunarudi kwa Nekesa kwa miguu.

"Tumefika Kibomet?" akauliza.

"Tumefika."

"Kwa yule kijana ni wapi?"

"Hapa mbele. Lakini tunapita tu, mama."

"Tusimame."

Joram alikuwa na meza bila kibao. Wateja walikuwa wawili watatu, na mmoja wao, mama wa sokoni mwenye mdomo, alimwona Mama Nekesa akaanza. "Si ndiye huyu shosho uliharibu? Mwangalie sasa, anaongozwa na mkono!"

Joram akaweka chini malenge aliyokuwa ameshika. Alitutazama kama mtu anayengoja kofi.

Mama Nekesa akauachia mkono wa binti yake. Akanyoosha mgongo, kama zamani akiwa amesimama mlangoni pa jikoni, akaongea kwa sauti ya kufika barabarani.

"Kijana, sikiliza. Wewe hukuniambia niache dawa. Mimi ndiye niliacha, kwa sababu sioni. Nilikuwa sioni, nikanyamaza, wakakulaumu wewe. Watu wa hapa wasikie."

Alikuwa anaiambia nguzo ya mwavuli. Joram alikuwa amesimama upande mwingine kabisa. Yule mama mwenye mdomo akataka kucheka, akaangalia uso wangu, akaacha.

Joram akavua koti lake. Akazunguka meza polepole, bila kugonga kitu, akasimama mbele ya ile nguzo, hapo hapo macho ya mama yalipoelekea.

"Umesikia?" mama akauliza.

"Nimesikia, mama," akajibu. "Niko hapa."